Blanketi la Mama na Gemu Ambayo Haijatoka

Hirosaki, 9 Novemba

Dada Chigusa,

Habari za huko Osaka, na Mama anaendeleaje na magoti yake? Nifikishie shikamoo. Mimi ni mzima, upande mmoja. Usikasirike, huo ni utani wa wodini, tulikuwa tunaambiana kila asubuhi.

Mwandiko unaouona ni wa mkono wa kushoto. Mwalimu wangu wa mazoezi, binti mdogo mwenye sauti ya mkuu wa jeshi, kaniamuru niandike barua ndefu kwa mtu atakayejibu. Nikawaza nani, nikakukumbuka wewe, maana wewe hata ukichukia huwa unajibu.

Theluji imeshuka kwenye mlima Iwaki mpaka mabegani. Matufaha ya mwisho yamevunwa, nimewatumia sanduku, yale yenye asali katikati. Mguu umerudi, natembea na mkongojo. Mkono wa kulia unasogea kidogo, unaweza kugandamiza karatasi isiruke, lakini hauna habari na dunia. Juzi niliunguza kidole kwenye birika nikajua kwa harufu. Daktari akinichoma na kijisindano na kuniuliza kama nahisi, humjibu "kidogo", ili naye aende nyumbani na furaha.

Sasa jambo lenyewe. Kotoha hajui. Tangu niachane na Sanae napewa mtoto Jumapili moja kwa mwezi, na unajua Jumapili zetu zilivyo. Tunakaa kwenye mgahawa karibu na stesheni ya Aomori, yeye na gemu yake ya mkononi, mimi na yangu, tunapigana mpaka wahudumu wanatuchoka. Hatuzungumzi mengi. Mazungumzo yetu yote ni ile gemu mpya ambayo haijatoka: itakuwaje, itakuwa na nini. Tumewekeana dau. Mimi nasema betri yake itadumu kutoka Aomori mpaka kwenu bila kuchaji. Yeye anasema itatetema kwa ustadi hivi kwamba ukiishika utahisi punje ya mchele ikibingirika ndani. Na tumeahidiana kwamba siku itakapotoka tutaifungua pamoja.

Tangu kiharusi kinipige Agosti sijamwona. Nimemwambia nimetumwa Malaysia kikazi. Ujumbe wa simu uliochapwa kwa kidole gumba hauna mwandiko, kwa hiyo ameamini.

Mama alinidokezea kwamba karakana yenu imepata kazi kubwa, na kwamba asubuhi mnaacha simu zenu kwenye kikapu mlangoni. Kazi ya kunyang'anya watu simu ni moja tu mwaka huu, Dada. Sikuulizi siri. Nakuuliza kitu kimoja: mtu wa mkono mmoja ataweza kuicheza? Kama ndiyo, nitakwenda kumwona mwanangu. Kama hapana, sijui.

Mdogo wako,
Tomoharu


Higashi-Osaka, 27 Novemba

Tomoharu,

Sisi hatujambo. Matufaha yamefika salama. Mama aliweka mawili mbele ya picha ya Baba kwanza, tukangoja, halafu tukayala. Kasema ni matamu kupita ya mwaka jana. Husema hivyo kila mwaka.

Mwandiko wako ni mbaya kama zamani, kwa hiyo tofauti ya mkono sijaiona.

Huku baridi imeanza na vita vya blanketi vimeanza nayo. Unalikumbuka lile blanketi kubwa la kotatsu, tunalofunika meza ya moto? Mama analivuta kwake, mimi nalivuta kwangu, miguu ya mtu mmoja lazima ipigwe na baridi. Wiki iliyopita nimerudi kazini nikamkuta kashika mkasi. Amelikata katikati. Sasa kila mtu ana nusu yake, anajifunika anavyotaka. Akija mgeni tunazibana kwa vifungo vya chuma zinakuwa blanketi moja tena, na kingo zake kazishona vizuri kiasi kwamba huoni mshono. Nilimwambia amechanganyikiwa, lakini kwa kweli napata usingizi mezani siku hizi.

Kazi ipo. Napiga msasa kalibu zangu za kumiminia plastiki kama kawaida. Bwana Morishige kaniambia benchi langu la dirishani ni langu mpaka nitakapostaafu, nami sina mahali pengine ninapopataka.

Lile uliloniuliza nimelisoma. Hali ya hewa huku ni kavu.

Nami nikuulize moja. Kwa nini mashine ndiyo iamue kama utamwona mtoto wako? Mwambie.

Dada yako,
Chigusa


Hirosaki, 8 Desemba

Dada,

Salamu nyingi, na mwambie Mama sisi huku tumezikwa na theluji mpaka madirishani, jirani ananichimbulia mlango. Barua yako nimeisoma mpaka imelegea kwenye mikunjo.

Wewe ni mtu wa hatari! Nimecheka peke yangu jikoni, upande mmoja wa mdomo, lakini nimecheka. "Kila mtu ana nusu yake." "Huoni mshono." Nani mwingine angeweza kujibu hivyo bila kujibu?

Hujui sisi watu wa tetesi tunavyoishi. Mwaka jana kampuni iliandikisha hataza ya bawaba moja ndogo, tukagombana mwezi mzima kama ni bawaba ya skrini ya kukunja au ya kifuniko cha betri. Kuna mtu wa Nagoya amehesabu skrubu kwenye picha yenye ukungu. Kuna anayeapa ina kamera mgongoni, na mwingine anaapa kamera haimo, ila itapata joto kiasi cha kupasha mkate. Wote wana mjomba anayefanya kazi kiwandani, na wote ni waongo. Mimi ndiye mwenye dada wa kweli, na miaka yote nimefunga mdomo.

Basi fikiria: mashine inayogawanyika nusu mbili, kila nusu ina skrini yake na vitufe vyake. Mkono mmoja, nusu moja. Kotoha anashika yake, mimi yangu, na mkono wa kulia unakaa zake chini ya meza. Hatajua.

Kwenye ukumbi wetu wa mtandaoni wiki hii wananiita "bwana". Sijaitwa bwana tangu nitoke hospitali, kule nilikuwa naitwa kitanda cha dirishani.

Kotoha hajambo. Kaniuliza kama Malaysia kuna theluji. Nimemjibu ipo kidogo, milimani.

Tomoharu


Hirosaki, 20 Januari

Dada Chigusa,

Heri ya mwaka mpya, ingawa umeanza kuzeeka. Mwaka huu kadi yako sikuipata. Nilidhani posta imechelewa kwa ajili ya theluji, lakini kadi za wengine zote zilikuja asubuhi ya siku ya kwanza, hata ya daktari wa meno.

Nilipiga simu nyumbani. Mama kasema umelala. Ilikuwa saa kumi na moja jioni.

Kama mnaumwa, niambieni. Mimi sijambo. Mwalimu wa mazoezi kasema mwandiko wangu sasa unafanana na wa mtoto wa darasa la tatu, akanigongea muhuri wa ua jekundu.

Tomoharu


Higashi-Osaka, 2 Machi

Tomoharu,

Hatuumwi. Miti ya plamu imechanua mbele ya kituo cha posta na Mama huenda kuitazama kila siku. Magoti ni yale yale.

Siku mbili kabla ya sikukuu ya mwaka mpya, Bwana Morishige alituita mezani wakati wa chakula. Alikuwa na karatasi iliyochapwa kutoka mtandaoni. Akaisoma kwa sauti: mtu mmoja mwenye chanzo cha kuaminika Osaka anasema mashine itagawanyika "kama blanketi la kotatsu lililokatwa katikati, kila mtu na nusu yake, na ukiziunganisha huoni mshono".

Nilinyoosha mkono kabla hajamaliza kusoma. Ningefanya nini? Yalikuwa maneno yangu. Nikasema: hilo ni blanketi la mama yangu. Hakuna aliyecheka.

Baada ya sikukuu kampuni ya gemu ilituma watu wawili nyumbani, suti nyeusi, viatu vinang'aa. Mama alipofungua mlango alidhani wamekosea nyumba, kwamba wanatafuta msiba. Akawapa chai. Wakaomba kuliona blanketi. Mama, maskini, akadhani wanataka kulinunua. Akazitandaza nusu mbili sakafuni, akazibana, akazibandua, akazibana tena, akawaeleza alivyokunja ukingo ili uzi usionekane. Mmoja alipiga picha. Mwingine alipiga magoti akapitisha kidole kwenye mshono, akasema, "Kazi nzuri sana, Mama." Wakatushukuru, wakainama, wakaondoka.

Waliniamini. Bwana Morishige kaniambia hivyo mwenyewe, kisha akasema, "Hata hivyo, Bi Chigusa." Tangu Januari niko chumba cha nyuma, nafungasha vifuniko vya chupa za shampuu. Benchi la dirishani kapewa mtu mwingine. Kalibu niliyokuwa nayo ilikwisha mkononi mwangu, hilo hawawezi kulitoa.

Siku ile ulipopiga simu sikuwa nimelala. Nilikuwa nimekaa karibu na Mama na sikutaka kuongea.

Nimejaribu kukukasirikia. Kila nikirudi kazini natafuta hasira kama mtu anayetafuta miwani, sioni ilipo. Nakaa tu chini ya nusu yangu ya blanketi. Hicho ndicho kinachoniogopesha, maana wewe ni mdogo wangu na umeniumiza, na inapaswa niumie.

Ulichokisia siwezi kukuambia kama ni sawa. Wewe fikiri mwenyewe, nani angesafiri na suti nyeusi kuja kutazama blanketi la uongo.

Kwa hiyo jibu lako unalo. Limenigharimu benchi. Sasa nenda kwa mtoto.

Chigusa


Hirosaki, 19 Machi

Dada,

Nimekaa na barua yako mezani siku nyingi na kila nikichukua kalamu naandika habari za theluji. Naona hata sasa nilitaka kuanza na theluji.

Nisamehe. Nimeliandika neno hilo kwa mkono wa kushoto na kwa wa kulia pia. La mkono wa kulia limetoka kama minyoo, nimelitupa.

Sikujua kwamba hukuwa unanidokezea kitu. Nakuapia. Nilikuwa nimezoea kusoma kila kitu kama tetesi, mpaka nikamsoma Mama na mkasi wake. Na nilitaka watu waniite bwana. Ndiyo yote, hakuna sababu kubwa zaidi ya hiyo.

Juzi kampuni imetangaza rasmi. Utakuwa umeona. Nusu mbili, kila nusu na skrini yake. Ukumbini wameniita Mtabiri wa Kotatsu, wakaniomba nitabiri bei. Nimejifuta humo. Hakuna aliyeniuliza ninakwenda wapi.

Kotoha aliniandikia tangazo lilipotoka. "Baba!!! Nusu mbili!!! Moja yako moja yangu!!!" Duka la vifaa vya umeme la Aomori linapigisha kura nani aruhusiwe kununua siku ya kwanza, naye ameingia kwa jina la mama yake. Kaniuliza kama nitakuwa nimerudi kutoka Malaysia.

Sijamjibu. Nikueleze ukweli, maana umeulipia. Mashine haikuwa sababu hata siku moja. Hata ingekuwa na kitufe kimoja ningepata sababu nyingine. Tukivuka barabara mbele ya stesheni, Kotoha hunishika mkono. Ana miaka kumi na moja na bado hunishika, na sikuzote huja upande wa kulia, tangu alipoanza kutembea. Naogopa atanishika na sitajua. Nitakuwa natembea tu, natazama magari, na mwanangu amenishika na mimi sina habari.

Nikilifikiria hilo silii wala nini. Naenda kuosha vyombo.

Tomoharu


Higashi-Osaka, 30 Machi

Tomoharu,

Mama hajambo. Mimi sijambo. Maua ya sakura huku yamechanua nusu.

Usiniandikie tena mpaka umemwona.

Chigusa


Hirosaki, 11 Juni

Dada Chigusa,

Hamjambo? Mvua zimeshaanza huko, nimeona kwenye habari, mwambie Mama asitoke na zile kandambili zake za kuteleza. Huku mitufaha imeshika vitunda vidogo na watu wanavipunguza kwa mkono, kimoja kinaachwa, vingine vinatupwa chini. Mwaka jana niliwasaidia. Mwaka huu nilikaa chini ya mti nikashika kapu.

Nimemwona.

Kura iliwaangukia. Gemu ilitoka Jumamosi na Sanae alikubali niitumie siku yangu ya mwezi hiyo hiyo. Nilifika mgahawani mapema, nikachukua meza yetu ya pembeni, nikaegesha mkongojo nyuma ya kiti na mkono nikauficha chini ya meza. Nilikuwa na hotuba. Niliifanyia mazoezi kwa mwalimu wangu, akasema ni ndefu mno.

Kotoha aliingia na mfuko wa duka kifuani. Ameongezeka urefu. Sanae alibaki mlangoni, akaniinamia kichwa, akauona mkongojo, akaondoka. Nami nikafungua mdomo nianze hotuba, lakini Kotoha hakwenda kukaa ng'ambo ya meza kama wakubwa wanavyokaa. Alikuja upande wangu wa kulia akajisukumiza kwenye benchi, kama siku zote. Nikageuka kumwambia asogee. Nikaona mkono wake uko chini ya meza, umeushika wangu. Niliona kwa macho, Dada. Kama nisingetazama nisingejua.

"Baba, mbona wa baridi?" kaniuliza.

"Huo haujui kama umeushika."

"Tangu lini?"

"Tangu Agosti."

"Na Malaysia?"

"Malaysia sijafika hata siku moja."

"Nilijua," kasema. "Ulivyosema kuna theluji. Mwalimu wetu wa jiografia alicheka mpaka akakaa chini."

Kisha akanuna. Alinuna kweli kweli, akatazama dirishani mpaka chakula kikaja, na mkono hakuuachia. Alikula wali wa mayai kwa mkono mmoja, punje zikimwagika kila mahali. Nilimwambia, "Kula vizuri." Akaniambia, "Wewe unakulaje?" Nikamwonyesha. Akabadilisha mikono, akajaribu kushika kijiko kwa kushoto kama mimi, akashindwa, akaniambia mimi ni hodari. Hotuba yangu yote iliishia hapo.

Ndipo tukafungua boksi. Nusu moja kaniwekea mkono wa kushoto. Wewe hukuwahi kuniambia ni kipande gani kilipita kwako na sikuulizi. Ila nilipitisha kidole gumba ukingoni, upande wa ndani, pale nusu mbili zinapokutana. Niliutafuta mshono na sikuupata. Kidole hicho bado kinahisi kila kitu na hakikuupata. Nikamwambia Kotoha, "Shangazi yako amepita hapa." Akapitisha na chake, akasema, "Kama sabuni." Nilitaka ujue. Benchi nililokupotezea siwezi kukurudishia, na hilo nitakwenda nalo kaburini.

Dau la betri nimeshindwa. Kabla ya aiskrimu ilikuwa imeshuka nusu. Dau la mtetemo ameshinda yeye. Kuna mchezo mmoja humo ambamo unabeba vifaranga ndani ya kikapu na unatakiwa kujua wako upande gani kwa kuhisi tu. Kotoha alifumba macho akaucheza wote bila kukosea. Halafu akachukua nusu yake akaiweka kwenye kiganja changu cha kulia, akanikunjia vidole kimoja kimoja juu yake.

"Unahisi?"

Ningeweza kusema "kidogo". Daktari nimemwambia kidogo, mwalimu wa mazoezi nimemwambia kidogo, Mama nimemwambia kidogo kwenye simu. Alikuwa ananitazama karibu kabisa, ana punje ya wali kidevuni.

"Hapana," nikasema. "Sihisi kitu."

Hakusikitika, au kama alisikitika hakunionyesha. Akaufunika mkono wangu kwa mkono wake, mashine ikiwa ndani.

"Basi mimi nitakuwa nakuambia," kasema. "Anza."

Nikaanza, kwa kidole gumba cha kushoto, macho kwenye skrini.

"Sasa," akasema Kotoha. "Sasa. Ngoja, ametulia. Sasa tena, Baba, huyu mkubwa, upande wa kulia. Sasa."

Tulicheza hivyo mpaka saa ya mama yake kuja kumchukua.

Mdogo wako,
Tomoharu